Kuwasindikiza wanafunzi wa biashara ng'ambo: mwongozo wa kuanzia Nairobi

Mara ya kwanza nilipopewa kazi hii nilikabidhiwa faili jembamba, majina ya wanafunzi 22 na agizo moja tu: hakikisha wamerudi wote. Walirudi wote. Wiki moja baadaye niliwaita, nikawauliza wamejifunza nini, wakanionyesha picha za mifereji ya Amsterdam. Hakuna aliyeweza kunieleza ni nani hununua maua yetu kule, wala kwa nini bei hubadilika kutoka asubuhi hadi asubuhi. Wazazi wao walikuwa wameuza ng'ombe na kuchangisha harambee ili watoto waende. Iliniuma, na bado inaniuma nikikumbuka.

Tangu hapo nimesindikiza makundi kadhaa, mengi yakienda Uholanzi. Ninamwandikia mwenzangu wa ofisi ya kitivo hapa Nairobi ambaye ameitwa na mkuu wake, akaambiwa safari ya mwaka huu ni yake. Mfano wangu ni Uholanzi kwa kuwa ndiko ninakokujua, ila hatua nyingi ni zilezile hata ukienda Dubai au Kigali. Anza miezi tisa kabla. Sita inawezekana, lakini utalala vibaya.

Hatua ya 1: Chagua bidhaa kabla ya kuchagua nchi

Ofisi nyingi huanza na nchi, kisha zikatafuta cha kufanya huko. Geuza mpangilio huo. Tafuta kitu kinachotoka Kenya ambacho wanafunzi wanaweza kukishika kwa mikono yao, kisha mkifuate mpaka kinakouzwa. Sisi tulichagua waridi. Linakatwa Naivasha, mwendo wa kilomita kama 90 kutoka mjini, linapita uwanja wetu wa ndege wa JKIA usiku likiwa limehifadhiwa kwenye ubaridi, na mengi huishia Aalsmeer, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, ambako ndiko kwenye mnada mkubwa wa maua wa Royal FloraHolland. Parachichi nalo ni zuri kufuata: linapakiwa kwenye kontena la baridi Mombasa, linasafiri kwa meli hadi Rotterdam, na kutoka hapo linasambazwa nchi nyingine za Ulaya. Kahawa ingekupeleka Hamburg.

Ukishapata bidhaa, wapeleke kwanza hapa nyumbani. Safari ya siku moja Naivasha haigharimu sana, basi la chuo linatosha. Waingie chumba cha baridi, wahisi vidole vinavyokufa ganzi, waone akina mama wakipanga maua kwa urefu wa shina, shina refu huku, fupi kule. Mwanafunzi aliyemwona mama yule akipima shina kwa jicho hawezi kusimama Aalsmeer akaona maua matupu. Ataona kazi ya mtu anayemfahamu.

Halafu kila mwanafunzi aandike swali moja kwenye daftari, swali lake mwenyewe, nami nilipitie. Maswali ya jumla kama "biashara ya Uholanzi ikoje" nayarudisha. Nilipenda sana swali la kijana mmoja wa mwaka wa tatu: waridi likichelewa saa sita JKIA, hasara ni ya nani? Kwa swali hilo alizungumza na mkulima Naivasha, wakala wa usafirishaji Embakasi, na mnunuzi Aalsmeer, na kila mmoja alimpa jibu tofauti. Mwingine aliuliza Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, umemletea nini mkulima mdogo ambaye hana chumba cha baridi. Ukiwa na maswali 20 ya aina hiyo, ratiba inajipanga yenyewe, kwa sababu unajua nani anahitaji kukutana na nani.

Kama fedha za Ulaya hazipo, usione haya kwenda karibu. Kigali ni safari ya basi, Mkenya anaingia kwa kitambulisho chake cha taifa, na kuna mengi ya kusoma kuhusu usajili wa biashara na usafi wa mji. Safari fupi yenye maswali inaishinda ya mbali isiyo nayo.

Hatua ya 2: Kibali na fedha

Kwenye chuo cha umma, mfanyakazi anahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi, na barua hiyo hupita meza nyingi: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, ofisi ya naibu chansela, hadi wizarani. Ipeleke mapema na uifuate wewe mwenyewe kwa miguu. Chuo cha binafsi kina njia fupi zaidi, lakini bado pata saini ya maandishi inayosema chuo kinawajibika kwa nini na mzazi kwa nini.

Omba masurufu mapema pia, yaani pesa za safari unazopewa kabla na kuzitolea hesabu ukirudi. Andika bajeti kwa yuro, kisha uigeuze kuwa shilingi kwa kiwango kibaya kuliko cha leo, maana kati ya siku unayoandika na siku unayolipa shilingi inaweza kuyumba. Na hapa nina neno ambalo ningependa ulipigie mstari: weka chakula cha mchana cha wanafunzi wote ndani ya gharama ya safari. Usiseme "chakula kila mtu atajitegemea." Sababu yake nitaieleza tukifika huko.

Hatua ya 3: Pasipoti

Siku ileile majina yanapotangazwa, kusanya nakala za pasipoti. Asiyenayo aombe mara moja kupitia eCitizen, kisha apeleke alama za vidole Nyayo House au ofisi nyingine ya uhamiaji aliyochagua. Usiamini mtu anayesema itatoka baada ya siku kumi. Imewahi kutoka kwa siku kumi, na imewahi kuchukua miezi.

Angalia mambo manne kwenye kila nakala. Tarehe ya kuisha: sheria za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kule, lakini mimi hudai sita, maana nchi nyingi, zikiwemo mnazopitia, hudai hivyo. Kurasa tupu: ziwe mbili au zaidi. Umri wa pasipoti: isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Na majina. Majina ndiyo hunisumbua kuliko vyote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Wanjiku, kitambulisho kinasema Wanjikũ Mary, chuo kinamjua kama Mary W. Jina la barua ya chuo, la tiketi, la bima na la hoteli lazima lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Kwa hiyo usiandike majina kutoka kwenye orodha ya msajili. Yaandike ukiwa umefungua ukurasa wa pasipoti mbele yako.

Kumbuka pia kwamba si kila mwanafunzi wa Nairobi ni Mkenya. Katika makundi yangu nimekuwa na Wasudan Kusini, Wakongo, na binti mmoja aliyesafiri kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi. Kila mmoja ana masharti yake ya viza, na kila mmoja lazima aweze kurudi Kenya. Angalia pasi yake ya mwanafunzi isije ikaisha mkiwa njiani. Waite hawa kwanza, kabla ya Wakenya, kwa sababu karatasi zao huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi huona aibu kuuliza.

Hatua ya 4: Viza, na hapa usiharakishe

Kama mnapita nchi kadhaa za Schengen, ombi linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kusogezwa hadi 45. Nafasi za miadi kwenye kituo cha maombi hujaa upesi msimu wa joto wa Ulaya unapokaribia. Mimi huchukua miadi ya kundi zima miezi mitatu kabla, siku moja au mbili zinazofuatana, ili niwepo mwenyewe.

Jambo ambalo wenzangu wengi hawalijui: Kanuni za Viza za Schengen, ibara ya 16, zinawasamehe ada ya viza wanafunzi wanaosafiri kwa masomo au mafunzo, pamoja na walimu wanaoandamana nao. Ada hiyo kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Kwa wanafunzi 20 hiyo ni yuro 1,800, pesa ya chakula cha safari nzima. Ada ya huduma ya kituo chenyewe hulipwa bado. Barua ya chuo iseme wazi kwamba hii ni safari ya masomo, itaje kozi, na iorodheshe majina. Mimi kwa kuwa si mhadhiri nililipa, na sikuona sababu ya kubishana.

Kila faili liwe na fomu iliyojazwa, picha, barua ya chuo, barua za mwaliko kutoka mnakotembelea, ratiba ya siku kwa siku, hoteli, nafasi ya ndege, uthibitisho kwamba ni mwanafunzi anayeendelea, taarifa ya benki ya miezi mitatu, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 inayogharamia matibabu ya dharura na kumrejesha mtu nyumbani. Tiketi usizilipe zote kabla ya viza. Ongea na shirika la ndege kuhusu nafasi za kundi: hulipiwa amana kwanza, majina yakafuata.

Sasa taarifa ya benki. Mzazi anaambiwa mtoto aonyeshe pesa, anakimbia kwenye chama, anakopa laki moja na nusu, anaiweka kwenye akaunti ya mtoto Jumatatu, na Jumatano taarifa inachapishwa. Afisa wa viza anaona akaunti iliyolala na mia mbili tangu Januari, kisha ghafla laki na nusu. Hilo ni kosa linalotokana na mapenzi, na linamponza mtoto. Waambie wazazi mapema, kwa Kiswahili chepesi: andika barua ya kumfadhili mtoto, ambatisha cheti chake cha kuzaliwa, na utoe taarifa ya akaunti yako mwenyewe jinsi ilivyo. Mama mwenye duka Githurai aanze kupitisha mauzo yake benki miezi mitatu kabla. Na kama chuo kinalipa hoteli, ndege na chakula, barua ya chuo iseme hivyo kwa takwimu.

Hata ukifanya yote hayo, kuna atakayenyimwa. Mwaka mmoja msichana mmoja alipata jibu siku nne kabla ya safari. Wenzake walikuwa tayari wanatumiana picha za masanduku kwenye kikundi cha WhatsApp. Sikumwandikia. Nilimfuata bwenini, nikaketi naye kwenye ngazi, nikamsomea sababu zilizotiwa alama kwenye fomu, nikamweleza haki yake ya kukata rufaa. Alilia. Baadaye aliniuliza, "Madam, sasa swali langu?" Swali lake lilikuwa kuhusu bei. Tukakubaliana abaki Nairobi akilifanyia kazi hapa: kila asubuhi aende City Market, pale mtaa wa Muindi Mbingu, aulize wauza maua shada la waridi ni bei gani, limetoka shamba gani na limefika saa ngapi, kisha atutumie. Sisi tungemtumia tuliyoyaona mnadani. Panga kazi ya namna hii mapema kwa kila kundi, ili atakayenyimwa abaki kuwa mmoja wenu.

Hatua ya 5: Mkutano na wazazi

Mmoja unatosha, Jumamosi asubuhi. Mzazi ajue ndege, hoteli, namba yako, na nani wa kupigiwa chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuwa bado hajatimiza miaka 18. Kwake utahitaji idhini ya wazazi wote wawili kwa maandishi. Kila mmoja ajaze fomu ya afya kwa siri: dawa anazotumia, mzio, kifafa, pumu, ujauzito. Dawa zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Mkielekea nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano, ichomwe angalau siku kumi kabla. Cheti chake tangu 2016 hudumu maisha yote.

Kundi likiwa na wavulana na wasichana, wasindikizaji wawe mwanamke na mwanamume. Msindikizaji haingii chumba cha mwanafunzi peke yake, hata kama ni kumpelekea dawa. Mikutano ifanyike ukumbini mwa hoteli. Sheria hii inamlinda mwanafunzi kwanza, nawe pia.

Na uongee waziwazi kuhusu bangi. Amsterdam kuna maduka yanayoiuza mbele ya macho ya kila mtu, na mengine huuza keki zilizotiwa bangi. Mwanafunzi anayeona biskuti dirishani anaweza asijue ni nini. Mwambie kabla, mbele ya mzazi, kwamba chuo kinakataza, na kwamba atakayerudi nayo JKIA atakuwa ametenda kosa la jinai. Dakika tano za aibu zinatosha.

Hatua ya 6: Mizigo na pesa za mfukoni

Koti. Hata Aprili kule kuna baridi na mvua ya upepo inayomfanya mtu wa Nairobi aikumbuke Julai yetu kwa upendo. Wapeleke Gikomba au Toi, watapata makoti mazuri ya mitumba kwa bei ya sahani mbili za chakula Ulaya. Viatu viwe vya kutembea, vilivyokwisha kuzoea mguu. Soketi za Uholanzi ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaji zetu za pini tatu zinahitaji adapta. Nunua kumi uziweke kwenye mkoba wako.

Nyama na maziwa haviingii Umoja wa Ulaya mkononi mwa msafiri, hata vikiwa vichache, hata vikiwa zawadi. Mursik na nyama kavu vibaki nyumbani. Parachichi na maembe pia, yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Zawadi kwa wenyeji ziwe majani ya chai, kahawa iliyokaangwa, au kiondo kidogo. Tumewahi kumpa meneja mmoja kahawa ya Nyeri, akaacha mazungumzo akainusa, na baada ya hapo alitupa saa nzima ambayo haikuwa kwenye ratiba.

Baadhi ya maduka ya Uholanzi hayapokei noti, ni kadi tu. Kila mwanafunzi awe na kadi ya benki iliyofunguliwa kutumika nje, aijaribu Nairobi kabla. Asiye na kadi anaweza kuunda kadi ya mtandaoni ya Visa kupitia M-Pesa, inayofaa kwa malipo ya intaneti. Treni na basi hulipiwa kwa kugusisha kadi ukiingia na kugusisha tena ukitoka. Ukisahau kugusisha ukitoka, unakatwa zaidi ya nauli uliyosafiri.

Mwisho, kila mmoja abebe mfukoni karatasi ngumu, ukubwa wa kitambulisho: jina na anwani ya hoteli, namba yako, namba ya bima, na 112, ambayo ndiyo namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya. Ongeza kwamba ubalozi wa Kenya uko Den Haag. Simu huzimika, karatasi haizimiki.

Hatua ya 7: Siku ya kuondoka

Kutaneni chuoni, msiambiane "tuonane JKIA." Ondokeni mapema kiasi cha kufika saa nne kabla ya ndege, maana Mombasa Road haina huruma hata kama mnapita barabara ya juu ya kulipia. Kabla ya jengo, abiria wanaweza kushushwa garini wakapita ukaguzi kwa miguu huku dereva akipitisha gari. Waambie, wasije wakaacha pasipoti kwenye kiti. Kabla ya kupanda basi chuoni kila mmoja anyanyue pasipoti juu kwa mkono, uione kwa macho yako. Asiyeinyanyua hapandi.

Nyakati zote ziandikwe kwa tarakimu za saa 24. Nikiandika "saa moja," Mkenya anasoma 07:00, lakini mwenzake wa Juba anaweza kusoma 01:00. Wape pia tofauti ya saa: Uholanzi iko nyuma yetu saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi.

Wakifika mpakani, tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuwasajili wageni kwa picha na alama za vidole kwenye mfumo mpya. Foleni inaweza kuwa ndefu. Jibu la mwanafunzi kwa afisa liwe fupi na la kweli: anakaa wapi, siku ngapi, anafanya nini, anarudi lini. Awe na barua ya chuo mkononi.

Hatua ya 8: Mkiwa huko

Kila mwanafunzi ana namba tangu Nairobi, moja hadi mwisho. Tukifika popote, tukiondoka popote, wanajihesabu kwa sauti. Siku moja kwenye kituo cha treni cha Schiphol tulihesabu: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kimya. Treni ilikuwa inaingia. Tuliiacha iende. Kumi na saba alikuwa amerudi juu kutafuta choo, amepotea kati ya ngazi zinazofanana. Alipotuona bado tumesimama palepale alishika mkono wangu, akanyamaza. Kuhesabu vichwa kwa macho kungenipa jumla tu. Namba ilinipa jina. Kwa hiyo usiache, hata wakilalamika kwamba wamekuwa watoto wa chekechea.

Barabarani, hatari ya kwanza kwa Mnairobi ni baiskeli. Tumezoea kuhofia matatu na bodaboda, kwa hiyo sikio linasubiri ngurumo. Baiskeli haingurumi. Njia yake mara nyingi ina lami nyekundu na inafanana na sehemu ya kutembelea. Siku ya kwanza, kabla ya chochote, chukua robo saa uwaonyeshe njia hiyo na muivuke pamoja. Na magari yanatoka upande tofauti na wetu, maana kule wanaendesha kulia.

Mnadani ondokeni hotelini 06:00. Kazi ni ya alfajiri, ukifika saa tano umekuta wamefagia. Waelezee saa ya mnada kabla, kwa chaki ubaoni Nairobi: bei inaanza juu, inashuka kwa kasi, na wa kwanza kubonyeza ndiye amenunua. Anayesubiri sana anakosa, anayeharakisha analipa ghali. Wanunuzi wengi siku hizi hubonyeza wakiwa mbali kwenye kompyuta zao, kwa hiyo usiwaahidi ukumbi uliojaa watu. Watakachokiona kutoka juu, kwenye njia ya wageni, ni sakafu isiyo na mwisho, vigari vidogo vya umeme vikivuta misururu ya mikokoteni, maua juu ya maua. Kundi langu moja lilikuwa linapiga picha kama kawaida, mpaka msichana mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Naivasha." Alikuwa ameliona neno kwenye ubavu wa sanduku. Wakaweka simu chini wote wakatazama. Nadhani hiyo ndiyo dakika niliyokuwa nikiitafuta tangu ile safari ya kwanza.

Usijaze ratiba. Ziara mbili kwa siku zinatosha, asubuhi moja, alasiri moja. Saa kumi na moja jioni kaeni pamoja nusu saa, kila mmoja afungue daftari aseme swali lake limesogea vipi. Huko ndiko masomo yanakofanyika. Nikilazimika kukata kitu nitakata jumba la makumbusho kabla ya nusu saa hiyo.

Sasa lile la chakula. Safari moja ambayo chakula cha mchana kilikuwa cha kujitegemea, niliona kijana mmoja kila saa sita anabaki nje ya mkahawa, anasema anapiga simu. Siku ya tatu nilitoka nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa mfereji na kipande cha mkate alichofunga kwenye karatasi ya mezani, mkate wa kifungua kinywa hotelini. "Mimi niko sawa, Madam, nimeshiba," alisema kabla sijauliza. Sandwichi yenye kinywaji mle ndani ilikuwa inafika yuro 12. Kwao hiyo ni matumizi ya nyumba kwa siku kadhaa. Sikumpa pesa mbele ya watu. Nilitangaza kwamba kuanzia kesho kundi litanunua chakula kwa pamoja dukani, mkate, jibini, matunda, na tutakula bustanini, nikaihamishia huko pesa ya ziara moja ya mashua. Tulikula pamoja siku zote zilizobaki, na yule kijana alikuwa wa kwanza kukata mkate. Ndiyo maana chakula kiwe kwenye bajeti. Mwanafunzi mwenye njaa hasikii mnunuzi wa maua anasema nini.

Angalia pia walionyamaza ghafla. Kwa wengi hii ni mara ya kwanza kupanda ndege, na mara ya kwanza kutazamwa mtaani au kufuatwa na mlinzi dukani kwa sababu ya rangi yao. Ikitokea, usimwambie apuuze. Keti naye, msikilize, na kama ni duka, rudini pamoja kuzungumza na meneja.

Hatua ya 9: Mkirudi

Wafanyakazi wa umma hutakiwa kurejesha hesabu ya masurufu ndani ya siku saba za kazi. Risiti za kule huchapishwa kwenye karatasi inayofifia, kwa hiyo zipige picha kila usiku na kuzibandika kwenye daftari kwa tarehe, na uandike nyuma yake kwa kalamu zimenunua nini. Ofisi ya fedha haisomi Kiholanzi.

Ndani ya wiki mbili, wanafunzi wawasilishe majibu ya maswali yao mbele ya wahadhiri, wazazi, na wakulima mliowatembelea kama wanaweza kufika. Mwaka ule, aliyeanza alikuwa yule msichana aliyenyimwa viza. Alipachika ukutani jedwali la asubuhi kumi: upande mmoja bei za City Market alizokusanya mwenyewe, upande wa pili zile tulizomtumia kutoka Aalsmeer. Mzee mmoja wa Naivasha aliyevaa kofia ya sufu alisogea hadi karibu na ukuta, akafuata mistari kwa kidole, akamuuliza aliandika bei hizo saa ngapi. "Saa moja na nusu asubuhi, kabla hawajaanza kupunguza," alijibu. Mzee akaomba nakala.

Kisha fungua kompyuta yako. Utakuta nakala za pasipoti, fomu za afya, taarifa za benki za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kukaa nazo pasipo sababu. Hifadhi zile ambazo chuo kinazihitaji kwa ukaguzi, mahali penye ufunguo. Nyingine zifute, pamoja na zile zilizobaki kwenye simu na kwenye kikundi cha WhatsApp, kabla hujaanza faili la mwaka ujao.